Namba ya Fundi
Kampuni ya viyoyozi Mombasa humtuma fundi kwa mteja wa Nyali. Wakiagana, mteja anaomba namba yake ya simu, na Jumapili fundi huyo anarudi kwa nusu bei, geji za bosi begani. Huo ni wizi, hata kama mshahara ni kiduchu. Lakini mkataba wa kumkataza kugusa kiyoyozi chochote mjini miaka miwili baada ya kuacha kazi ni ubabe mtupu, na Sura ya 24 ya sheria za Kenya inairuhusu Mahakama Kuu kubatilisha kizuizi kilichopita kiasi. Mimi ningeanza na ankara: fundi apate asilimia yake kwa kila mteja anayemwita tena kupitia ofisi. Na Jumamosi jioni, vifaa vyote stoo.