Resident Evil: Mgeni Asianzie ya Tano

Resident Evil ni mfululizo wa gemu za kutisha za kampuni ya Capcom ya Japani, ulioanza mwaka 1996. Hoja iliyochapishwa kwamba mnunuzi wa Kariakoo aanze na ya tano (2009), eti kwa kuwa imewekwa Kijuju, eneo la kubuni la Afrika, na maadui wake hupayuka Kiswahili, haina mashiko. Kiswahili cha mtu mwenye panga huchekesha dakika chache tu. Kisha anaingia Albert Wesker, adui mkuu mwenye visa vya tangu gemu ya kwanza, na kifo chake hakimgusi asiyemjua. Hofu nayo ni haba: Sheva, mwenzi wa mchezaji, yuko ubavuni karibu muda wote.

Pa kuanzia ni ya pili iliyoundwa upya mwaka 2019. Leon, mhusika anayechezeshwa, ni polisi mgeni kazini, hajui lolote kumzidi mchezaji. Risasi zinahesabiwa, na vishindo vya viatu vya Mr. X, jitu linalomwandama, husikika koridoni kabla hajatokea. Mwenye PS2 ya mtumba, isiyoweza kuicheza hiyo, achukue ya nne, ya 2005. Ya tano iachiwe banda la gemu, wawili wakigawana skrini moja.