Salfa imenisomesha, salfa inanikaba!

Leo nina jambo. Niliahidi kwamba wiki hii tutamalizia ule ubishi wa nani alipe soda mtu na mchumba wake wanapotoka matembezi. Ubishi ule utangoja. Leo natoboa siri niliyoificha tangu nilipokuwa kidato cha pili: nina pumu.

Najua washikaji wa hapa Masasi watabisha. "Huyu? Si tunacheza naye mpira kila Jumamosi?" Ni kweli tunacheza. Lakini kumbukeni jinsi nilivyokuwa naomba kutoka kila ilipofika dakika ya ishirini, nikisema kiatu kinabana. Kiatu hakikuwa kinabana, ndugu zangu. Kilichokuwa kinabana ni kifua, na nikienda nyuma ya ule mwembe nilikuwa naenda kuvuta pampu, mara mbili haraka haraka, kisha narudi nimekausha uso kama sina habari.

Kwa nini nifiche? Kijiweni nilishasikia wanavyowasema wenye pumu. Mara "huyo hata ndoo ya maji hawezi kubeba", mara "ukianza pampu ndiyo basi tena, huachi mpaka kaburini". Na mtoto wa kike gani atakubali mtu wa kuhemahema? Ndivyo nilivyowaza, na umri wenyewe ulikuwa ule wa kuuza sura. Pampu nikaitia kwenye soksi, maisha yakaendelea.

Sasa, kwa msomaji wa Dar au Arusha ambaye korosho anaijua ikiwa imeshakaangwa na kufungwa kwenye karatasi, lazima nieleze kidogo. Huku kwetu kuna ugonjwa wa mikorosho unaitwa ubwiriunga. Ni ukungu mweupe kama unga wa sembe, unashika maua na majani machanga, na ua likishashikwa halizai. Hapa nchini ulionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1979. Msimu wa 1973/74 nchi ilikuwa imekusanya zaidi ya tani 140,000 za korosho. Ilipofika 1986/87 hata tani 20,000 hazikutimia. Si kosa la ubwiriunga peke yake, bei nayo ilikuwa mbovu, na watu wengi walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa wakaiacha mikorosho yao mbali. Lakini ubwiriunga ulichangia sana, na kilichotuokoa ni salfa.

Salfa ni unga wa njano. Unawekwa kwenye mashine ya kubeba mgongoni, mashine inanguruma kama pikipiki iliyotoboka ekzosi, na unga unarushwa juu mpaka kileleni. Kazi hiyo huanza mikorosho inapotoa majani mapya na maua, kuanzia Juni hivi, na inarudiwa rudiwa mpaka Agosti na zaidi. Inafanyika alfajiri, kabla upepo haujaamka, umande ungali kwenye majani ili unga ushike. Ukiwa umesimama kwa mbali ni kitu kizuri kutazama, wingu la njano likipanda katikati ya ukungu wa Newala. Ukiwa na kifua kama changu, kimbia.

Na hapo ndipo penye kisa. Mimi nimesomeshwa na mjomba. Kwetu Wamakonde mjomba si mtu wa kutembelea sikukuu tu, mjomba ndiye mwenye neno. Baba alipofariki ni yeye aliyelipa ada, madaftari, nauli, mpaka nikamaliza kidato cha nne. Alilipa kwa korosho, na korosho zilipatikana kwa salfa. Kwa hiyo nikisema salfa inanikaba, naisema vibaya iliyonilea.

Mwezi wa saba mwaka juzi nikapanda Newala kumtambulisha mchumba kwa mjomba. Mnaijua baridi ya Newala ya mwezi wa saba? Mji umekaa ukingoni kabisa mwa uwanda, ukisimama pale Shimo la Mungu unaona bonde lote kuelekea Ruvuma, na upepo unaotoka kule unaingia mpaka kwenye mifupa. Kifua changu kilianza kupiga mluzi tangu kwenye gari tukipanda mlima, vumbi la barabarani na baridi vimeungana. Lakini binti amekaa pembeni yangu! Nikamezea. Nikasema nina mafua.

Tukapokelewa vizuri, ugali na kuku, na mchumba akapelekwa kulala kwa shangazi. Mimi nikalala chumba cha uani, dirisha linaangalia mikorosho. Saa kumi na moja alfajiri nikasikia mashine. Haikuwa ya mjomba, ni ya jirani, maana huku ukipuliza wewe na jirani naye ana siku yake. Nikanusa ile harufu. Kabla sijakaa sawa kitandani, pumzi ikakata. Hewa ilikuwa inaingia kwa shida na kutoka haitaki kabisa. Nikapapasa soksi, nikavuta pampu. Ikatoa upepo mtupu. Ilikuwa imekwisha, na sikujua, kwa sababu sikuwahi kuhesabu.

Nilipigapiga ukuta. Aliyefika kwanza ni shangazi, nyuma yake mchumba. Nikatupwa kwenye bodaboda katikati, mchumba nyuma amenishika, tukaelekea mjini na ule ukungu. Hospitali wakaniwekea oksijeni na ile mashine ya mvuke wa dawa, sindano ikafuata, na kufika saa nne asubuhi nikaweza kusema sentensi nzima. Sentensi yangu ya kwanza ilikuwa, "Samahani, ni mafua yamezidi."

Yule binti aliniangalia muda mrefu. Akasema, "Ningekuzika bila kujua umekufa na nini." Kisha akatoka nje kulia.

Nesi aliyekuwa zamu, mama wa makamo, hakuwa na muda wa huruma. Akaniletea pampu, akaniambia, "Hebu nionyeshe unavyovuta." Nikaonyesha. Akacheka! Miaka yote ile nilikuwa napulizia ulimi. Kumbe unatikisa kwanza, unatoa pumzi yote nje, unabana midomo kwenye pampu, unabonyeza huku ukivuta taratibu na kwa kina, kisha unashikilia pumzi mpaka uhesabu kumi. Halafu unangoja kidogo ndipo unarudia. Akaniambia pia kwamba kichupa cha pampu ya bluu huwa na mipulizo 200, basi, kwa hiyo mtu anaweza kuhesabu kama anavyohesabu vocha. Zile hadithi za kukitumbukiza kwenye maji uone kama kinaelea si za kuamini.

Lakini lililonishtua zaidi ni hili. Akauliza, "Na ya kahawia iko wapi?" Kahawia ipi? Kila nilipokwenda kwenye duka la dawa nilipewa ya bluu, nikalipa, nikaondoka. Hakuna aliyeniambia kwamba pumu ni uvimbe ndani ya njia za hewa, unakuwepo hata siku unayojiona mzima, na kwamba ile ya bluu inalegeza misuli kwa saa chache tu, uvimbe wenyewe haiugusi. Anayeutuliza ni huyo wa kahawia, dawa ya kuvuta kila siku asubuhi na jioni hata kama huumwi, na ukimaliza unasukutua mdomo ili usipate utando mweupe. (Huku juu maji hayachezewi, lakini funda moja halijawahi kumfilisi mtu.) Nilikuja kujua baadaye kwamba tangu mwaka 2019 wataalamu wa pumu duniani hawashauri tena mtu mzima kutegemea ile ya bluu peke yake. Ukiona unaivuta zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu yako haijatulia. Mimi nilikuwa naivuta mara mbili kabla ya mapumziko ya mchezo!

Tusidhani ni ugonjwa wa kitoto. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 pumu iliua watu 455,000, na wengi wao ni wa nchi kama zetu, ambako dawa hiyo ya kahawia ama haipo dukani ama bei yake inauma. Mimi mwenyewe kuna miezi nachagua kati yake na viatu. Kalamu hii hainilipi kiasi mnachodhani, mhariri anisamehe.

Kuna kitu kimoja cha bure nilichofundishwa ambacho nakipenda sana: chupa ya plastiki ya maji, ya nusu lita. Unatoboa kitako chake tundu la kutosha mdomo wa pampu, uingie ukae bila kuvuja, kisha unabonyeza dawa ndani ya chupa na kuivuta kupitia shingoni, taratibu. Dawa inafika kifuani badala ya kubaki kooni. Msicheke. Madaktari wa Cape Town waliipima kwa watoto, na mwaka 1999 wakaandika kwamba inafanya kazi sawa na kile chombo cha dukani. Yangu iko kwenye begi hapa ninapoandika. Haina tena soksi.

Sasa turudi kwa mjomba. Nilipopona nilikwenda kumweleza. Nikasema, "Shikamoo mjomba." Akajibu, "Marahaba," kisha kimya. Nikamweleza yote. Akauliza jambo moja tu: "Unataka tuache kupuliza?"

Ningejibu nini? Nilishasoma kwamba huko California, mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Berkeley walikuta watoto wanaoishi karibu na mashamba yanayopuliziwa salfa kwa wingi wana mapafu yenye nguvu ndogo, na dalili za pumu zaidi. Ningeweza kumtolea hayo. Lakini nilimwona amekaa kwenye kiti chake, koti lile lile la miaka yote, nikakumbuka ada. Nikasema, "Hapana mjomba. Nataka tu kujua siku."

Basi hilo ndilo tulilokubaliana. Yeye ananitumia ujumbe mapema, mimi sipandi. Na wapulizaji wake sasa wanafunga pua na mdomo na kuvaa miwani, jambo ambalo walikuwa wanaliona ni la woga. Mjomba anazungumzia pia dawa za maji, ambazo hazirushi wingu la unga, ingawa nazo zina masharti yake. Mimi nina kalenda yangu ukutani: Juni mpaka Agosti silali uwandani, dawa ya kahawia sirushi hata siku moja, na mwezi wa tano nakwenda kliniki wanipime ile pumzi ya kupuliza. Daktari ameniandikia karatasi ya hatua za kufuata, nianze na nini, ningoje dakika ngapi, na wakati gani niache kujitibu nikimbilie hospitali. Karatasi hiyo ni ya kifua changu, msiinakili, kila mmoja akaandikiwe yake.

Ila kuna kitu kalenda haiwezi. Msiba haungoji salfa iishe. Mwezi wa nane mwaka jana bibi yetu akafariki, kule kule Newala, katikati ya msimu. Nisiende? Haiwezekani. Nikapanda na pampu zote mbili, chupa, barakoa, na nikalala mjini badala ya shambani. Siku ya mazishi majirani hawakupuliza, walikuwa msibani. Kesho yake alfajiri mashine zikarudi, maana maua nayo hayaombolezi, nikalazimika kuondoka kabla ya matanga kuanuliwa.

Maneno yakaanza. "Mjukuu gani huyu, kaja kula pilau." Nilikuwa nainama kuchukua begi nisikie kama sijasikia, kama kawaida yangu. Mchumba wangu (sasa ni mke, mtaniwia radhi sikuwaalika) akasimama mbele ya akina mama wote akasema kwa sauti, "Ana pumu. Salfa itamuua." Lo! Nilitamani mkeka unimeze.

Nikiwa nje nangoja bodaboda, akanifuata bibi mmoja mtu mzima, jirani wa marehemu, simjui vizuri. Akatazama huku na huku, akafungua pindo la kanga. Mle ndani, pamoja na noti mbili zilizokunjwa, kulikuwa na pampu ya bluu imechakaa mpaka rangi imefutika.

"Na mimi," akasema.

Nikamuuliza, "Na ile ya kahawia unayo, bibi?"

"Ipi hiyo?"

Bodaboda ikapiga honi. Nikamwambia dereva asubiri kidogo, nikafungua begi, nikatoa chupa.