Kasiksi, mazutu na haki ya kupenda vitu vyetu

Tangu miaka ya 1930 hadi 1958 Uvira, mji wetu wa Kongo ulio ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, ilikuwa na reli. Ilianzia bandari ya Kalundu, ikafuata bonde la Ruzizi kwa kilomita 90 hivi hadi Kamanyola, pale mto unapotoka kwenye makorongo ya milima. Kampuni iliyoiendesha iliitwa CEFAKI, yaani Reli za Kivu. Haikupanda zaidi ya hapo. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari na Tanganyika haifiki mita 800, kwa hiyo mizigo ya Bukavu, mji ulio kwenye Ziwa Kivu, ilimaliza safari yake kwa barabara. Leo ukimtajia kijana wa Kavimvira au Mulongwe kwamba gari la moshi lilipita karibu na kwao, huenda akadhani unamtania. Kamanyola anaijua, ila kwa mapigano ya Juni 1964, ambayo Mobutu aliyatukuza mpaka uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa ukabeba jina hilo kabla ya kuitwa Uwanja wa Mashahidi mwaka 1997. Mapigano yalipata uwanja, na reli iliyolisha mji kwa karibu miaka 30 ikaachwa isahaulike.

Nadhani reli hiyo ilipotea mara mbili, na mara ya pili ndiyo mbaya zaidi. Mara ya kwanza ilifungwa kwa sababu za biashara, kama reli nyingi duniani. Mara ya pili ilikosa mtu wa kuipenda. Hatukuwa na kundi la watu, hata dogo, lililokutana Jumapili kusimuliana habari za vituo vyake, kuchora ramani yake au kutunza kipande cha chuma chake kwa raha tu. Ndiyo maana nataka kutetea jambo ambalo wengi wataliona la anasa: kwamba kupenda pombe ya kienyeji na mashine kuukuu za mazutu, yaani dizeli, kuzifuatilia kila siku kama wengine wanavyofuatilia mpira, ni shughuli yenye heshima na yenye faida. Vitu vya aina hii haviokolewi na wizara. Anayeviokoa ni mwananchi wa kawaida anayevifurahia.

Ushahidi wa wazi zaidi unatoka Uingereza, nchi ambayo watu huitania kwa kupenda vitu hivi viwili kwa pamoja. Mwaka 1971 viwanda vikubwa vya huko vilikuwa vimeanza kuwauzia watu bia iliyochujwa, iliyouawa hamira yake kwa joto na kusukumwa kwa gesi. Wanywaji wanne wakaanzisha chama cha kutetea bia ya asili, ile inayoendelea kuchacha ndani ya pipa inamomiminwa. Hawakuwa wenye viwanda wala wabunge. Chama hicho, CAMRA, kikawa na wanachama zaidi ya laki moja, na tangu 1974 kinatoa kitabu cha kila mwaka cha kuwaonyesha watu baa zinazotunza bia vizuri. Kwa upande wa reli, mwaka 1951 watu wa kujitolea waliichukua njia ndogo ya Talyllyn huko Wales iliyokuwa ikielekea kufa, wakaiendesha wenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza duniani. Zile injini za dizeli zilizofukuza mvuke, ambazo hakuna aliyetarajia kwamba zingepata wapenzi, zilipozeeka nazo zikapata watu wa kuzililia. Injini za aina ya Deltic zilikuwa 22. Zilipostaafishwa mwanzoni mwa 1982, sita zilinusurika, nyingi kati yake kwa sababu watu waliotaka kusikia mngurumo wake walichanga fedha. Wapenzi walichunguza, wakauliza maswali, wakalipa kidogo kidogo, na maarifa yakabaki mikononi mwa watu wengi badala ya kufa na mafundi wachache.

Sasa turudi kwetu, tuanze na kikombe. Kwa kipimo cha hao Waingereza, kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ni bia ya asili kamili. Ndizi za pombe hukatwa zikiwa zimekomaa lakini bado mbichi, zikafukiwa katika shimo lililopashwa moto na kutandikwa majani ya mgomba, zikakaa siku kadhaa mpaka ziive sawasawa. Humenywa, hukandwa pamoja na nyasi mpaka maji yatoke, kisha huchujwa. Maji hayo matamu, mutobe, hunywewa hata na watoto. Yakiongezwa maji na unga wa mtama uliokaangwa, yakaachwa katika hori la mti lililochongwa au katika mtungi, hamira huanza kazi yake, na baada ya siku moja au mbili kinywaji kiko tayari. Hakisubiri. Kesho yake ni kikali kuliko jana, keshokutwa kinaelekea kuwa siki. Anayekunywa kasiksi kwa akili huwa anaonja saa, na hiyo ni elimu ambayo chupa iliyofungwa kiwandani haiwezi kumpa, kwa kuwa kazi yote ya kiwanda ni kuhakikisha kwamba chupa ya leo haitofautiani na ya mwezi ujao.

Kazi nyingi ya utengenezaji huu iko vichwani mwa watu, na maarifa ya vichwani ni rahisi kupotea. Aina ya ndizi peke yake ni somo zima: kuna za kupika, kuna za kula zikiwa mbivu, na kuna za pombe zenye ukakasi ambazo hazifai kwa lingine. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ugonjwa wa mnyauko wa bakteria ulipoonekana Masisi, Kivu Kaskazini, migomba ya Kivu imekuwa mashakani, na baadhi ya ndizi za pombe ndizo zinazoambukizwa kwa urahisi zaidi, kwa sababu wadudu hubeba vimelea hadi kwenye ua la dume ambalo wakulima wengi hawalikati. Mnywaji asiyejua kikombe chake kimetoka kwenye ndizi gani hataona aina hiyo ikitoweka. Mnywaji anayejua ataona ladha imebadilika, atauliza, na pengine atakuwa tayari kulipa zaidi kwa ile ya zamani. Mkulima hupanda kile ambacho mtu anakiuliza.

Upande wa mashine, Ziwa Tanganyika lina shahidi asiyehitaji utetezi. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen. Ilivunjwa vipande, ikasafirishwa kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaelea majini 1915, kisha ikazamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, nayo ikarudi kazini 1927. Katika miaka ya 1970 mitambo yake ya mvuke iling'olewa, zikafungwa injini za dizeli. Wapo wanaosema kwamba siku ile meli iliharibiwa roho yake. Sikubaliani nao hata kidogo. Bila mazutu ingekuwa chuma cha kuuza kwa kilo. Kwa mazutu hayo, mwaka 1997, Umoja wa Mataifa uliitumia pamoja na meli nyingine, Mwongozo, kuwarudisha nyumbani wakimbizi zaidi ya 75,000, na Liemba peke yake ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira. Familia nyingi za ufuko huu zilirudi nchini kwao juu ya sitaha ya chombo kilichoundwa kabla ya vita vya kwanza vya dunia. Mei 2015 ikawabeba wakimbizi wa Burundi waliokwama Kagunga, ufukoni mwa Tanzania. Kuna makumbusho mangapi duniani yanayoweza kujigamba hivyo?

Kuvuka Uvira kwenda kusini kuna Kalemie, ambako reli ilifika tangu 1915 na ambako injini za dizeli za Shirika la Reli la Kongo, SNCC, bado zinajaribu kuunganisha ziwa na Kabalo. Fundi anayeifanya injini ya namna hiyo iwake bila vipuri vya kiwandani, na mwenzake wa Kalundu anayeifufua mashine ya boti ya kwenda Baraka, wana ujuzi ambao ungewapa umaarufu kwingine. Hapa wanaonekana watu waliokosa kazi safi. Ningependa mvulana wa Uvira ajue sauti ya injini ya boti kama anavyojua majina ya wachezaji wa TP Mazembe, na aone fahari kukaa karibu na huyo fundi. Shule ya ufundi isiyo na vifaa haiwezi kumwandaa vizuri kuliko mapenzi hayo.

Najua yatakayosemwa. La kwanza ni kwamba huu ni mchezo wa watu walioshiba, na sisi ni mji wa mafuriko na bunduki. Ni kweli kwamba mto Mulongwe uliua watu Aprili 2020, kwamba ziwa lilipanda mpaka likaingia nyumba za ufukoni na bandari ya Kalundu, kwamba Bukavu iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025 na vita vikashuka bondeni kuelekea kwetu. Lakini tazama kilichofuata: Juni 2025 kampuni ya Heineken, iliyokuwa ikimiliki kampuni ya bia ya Bralima, ilitangaza kwamba haina tena udhibiti wa shughuli zake Bukavu na Goma. Bia inayotegemea mitambo, gesi na njia ndefu ya malori ndiyo ya kwanza kukwama nchi ikitikisika. Migomba nayo huumizwa na vita, hasa mwenye shamba anapokimbia, ila akirudi hahitaji ruhusa ya makao makuu ya ng'ambo ili akande ndizi zake. Na kuhusu fedha, hobi hii ni nafuu kuliko kamari za mpira zilizojaa mitaani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la afya. Uvira ni mji wa kipindupindu; ugonjwa huu umekaa hapa miaka mingi kiasi kwamba watafiti wa kimataifa wameufanya mji kuwa mahali pa kupimia faida ya maji safi ya bomba. Kasiksi huongezwa maji, wala haichemshwi mwishoni. Anayeogopa ana haki ya kuogopa. Ila hofu hiyo inamwelekeza mnywaji kwenye udadisi ninaoutetea. Mnywaji asiyejali hununua popote. Mwenye kupenda huuliza maji yametoka wapi, yamechemshwa au la, hori limeoshwa lini, na jibu likimtia shaka anahamia kwa mama mwingine. Kile kitabu cha Waingereza kilifanya kazi hiyo hiyo: kilimpa sifa mtunzaji mzuri na kumnyima mzembe. Mama watano wa Uvira wenye sifa ya usafi, wakitajwa kwa majina mtaani, wangefanya zaidi ya tangazo la afya lililobandikwa ukutani.

Kuna pia ulevi. Sitetei lutuku, gongo ya kwetu, wala vifuko vya plastiki vya pombe kali kama vile ambavyo Tanzania ilivipiga marufuku Machi 2017. Vinywaji hivyo vimetengenezwa kwa mtu anayetaka kusahau upesi, na ladha haina nafasi hapo. Anayelinganisha kasiksi ya leo na ya jana hunywa polepole, maana ulimi uliolewa hauwezi kulinganisha chochote. Kwa Waislamu wetu, na kwa waumini wa makanisa yanayokataza pombe, mutobe upo, na ufundi wake ni ule ule mpaka hatua ya kuchachisha. Reli na meli hazikatazwi na dini yoyote.

Wengine watauliza kwa nini tuipende reli ya wakoloni. Reli nyingi za Kongo ya Wabelgiji zilijengwa na watu waliolazimishwa, na ya Kalundu iliwekwa kwa faida ya wenye mashamba na wafanyabiashara wa Kivu kabla ya faida ya Mfuliru au Mvira aliyeiona ikipita. Sioni jinsi kusahau kunavyomlipa aliyebeba mataruma. Anayeifuatilia reli kwa dhati lazima afike kwa wafanyakazi wake: nani alivunja mawe, alilipwa nini, alizikwa wapi. Makumbusho ya reli ya Nairobi yapo tangu 1971, na Jinja wakafungua ya kwao 2022. Wakenya na Waganda hawakuwa wapenzi wa ukoloni kwa kufanya hivyo. Isitoshe, mwenye kupenda treni ndiye mkosoaji wake mkali. Gari la moshi lilipopinduka Mayibaridi, mkoani Tanganyika, Septemba 2019 na kuua abiria, habari ilipita kama mvua. Nchi yenye wapenzi wengi wa reli ingekuwa na watu wa kuuliza kila mwezi hali ya njia, ya breki na ya madaraja.

Sidai kwamba tujenge jumba la makumbusho kesho. Halihitajiki ili kuanza, na pengine lingekuwa kisingizio kingine cha mkutano na posho. Linalohitajika ni watu wachache wa Kalundu, Kiliba, Luvungi na Kamanyola wanaokutana kwa raha yao, kikombe mezani, daftari karibu, wakiandika nani anatengeneza kasiksi nzuri na kituo kipi cha reli kilikuwa wapi. Na hapo pana haraka. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi reli ilipofungwa mwaka 1958 sasa anakaribia themanini au amekwisha kufika. Kama kuna mzee wa namna hiyo katika ukoo wako, mwendee wiki hii, mpelekee mutobe au kasiksi kadiri ya imani yake, umwombe akuonyeshe gari la moshi lilipita wapi.