Moto ndani ya treni: tuucheze mbele ya kuuona

Wandugu vijana wa Kisangani, kuanzia Makiso mpaka Lubunga, kuanzia Mangobo mpaka Kabondo,

Moto ukishaua watu katika inchi hii, kuna jambo moja tunalifanya haraka sana: tunatafuta mutu wa kubebesha. Katikati ya mwezi wa nne 2025, HB Kongolo, balenieri ya mbao, iliwaka moto juu ya mto Congo karibu na Mbandaka. Ilikuwa imetoka bandari ya Matankumu ikienda Bolomba, na ndani kulikuwa mamia ya watu. Waliokufa walipita 140. Wengi hawakuchomwa na moto, waliruka majini bila kujua kuogelea, wamama na watoto. Na habari iliyotembea mbio kuliko zote ilikuwa hii: kuna mwanamke alikuwa anapika. Basi, kesi imefungwa. Mama na mbabula yake.

Mwezi wa tisa mwaka uleule, boti ingine ikawaka na kupinduka upande wa Lukolela, zaidi ya watu 100 wakaenda.

Sasa tujiulize, sisi watu wa mto. Kutoka hapa kwetu mpaka Kinshasa ni kilomita zaidi ya 1.700. Ni siku nyingi, mara zingine ni wiki na wiki, injini inakufa, mchanga unashika boti, munangoja. Watu watakula nini? Nani aliwahi kuona balenieri yenye jiko lililotengwa na bidoni za mazuti? Yule mama alikuwa anafanya kile ambacho kila mama anafanya pale watoto wanalia njaa. Kosa lilianza siku mtu alikubali boti iondoke bandarini na makala, petroli na watu mamia vyote mahali pamoja, bila hata ndoo moja ya mchanga. Huyo mtu hatumusikii kwenye redio.

Kuna watakaosema: hayo ni ya boti, treni ni salama. Salama wapi? Tarehe 12 mwezi wa kumi na moja 2017, treni ya mizigo ilikuwa inatoka Lubumbashi kwenda Luena na wagoni 13 za mafuta. Ikifika Buyofwe, katika Lualaba, kwenye mlima, ikaanguka ndani ya bonde na kuwaka. Watu zaidi ya 30 wakafa. Ilikuwa treni ya mafuta, haikupaswa kuwa na msafiri hata mmoja, lakini watu walikuwa wamepanda juu kwa siri, kwani treni ya watu haipatikani na barabara munaijua. Mwezi wa tatu 2022, palepale Buyofwe, treni ingine ya mizigo ikatoka kwenye reli, ikaua watu 75. Palepale! Na wao pia walikuwa wasafiri wa kujificha. Wakubwa wanapenda hilo neno, clandestins, kwa sababu linaondoa deni: aliyejificha hayuko kwenye karatasi, na asiye kwenye karatasi hana wa kumulipa.

Sisi hapa tuna reli yetu, ile ya Lubunga mpaka Ubundu, kilomita 125, iliyofunguliwa 1906 ili kuzunguka maporomoko ya Boyoma. Mara inatembea, mara inalala. Siku inatembea, angalieni nini kinapanda: magunia, kuku, baisikeli, bidoni za mafuta ya taa zilizofungwa na kitambaa, na watu juu ya hivyo vyote. Hatungoje Buyofwe ya kwetu ndipo tuanze kuongea.

Ninacholeta leo kitawachekesha wengine. Ninaomba tucheze.

Huko Marekani, mwaka 1974, watu wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo unaoitwa Dungeons & Dragons. Hauna kompyuta, hauna umeme. Mmoja anasimulia hadithi, wengine wanne ao watano kila mmoja anakuwa mtu fulani: mchawi, shujaa, mganga, mwizi mwenye vidole vyepesi. Msimulizi anasema mlango umefungwa na jitu linakuja, munafanya nini? Kila mmoja anasema, wanatupa kete, kete inaamua kama imefaulu. Kitu kizuri cha huo mchezo ni kwamba hakuna mchezaji mwenye nguvu zote. Ukijifanya bosi peke yako unakufa, na marafiki wako wanakufa juu yako.

Sisi tuna kete za ludo kila kona ya kartie, na hadithi tunazo kuliko Wamarekani. Basi tuweke kikundi chetu ndani ya treni ya Ubundu, wagoni ya tatu. Kuna mvuvi wa Wagenia ambaye maji hayamushindi. Kuna mganga anayeongea na mizimu ya Boyoma. Kuna mtoto wa njia anayepenya tundu lolote. Kuna askari ambaye kila mutu anamuogopa, na mama muuzaji wa chikwangue mwenye sauti inayosikika mpaka ng'ambo. Msimulizi anasema: kuna harufu ya petroli, kisha mwanga chini ya gunia. Kila mzunguko ni nusu dakika. Haya.

Ukiucheza mara ya kwanza, kikundi kinakufa chote. Kwa nini? Mganga anataka kuleta mvua, anatupa maji juu ya petroli, moto unatembea juu ya maji na kuingia chini ya miguu ya watu. Askari anapiga risasi hewani ili watu watulie, wote wanakimbilia mlango mmoja. Mvuvi anaruka. Treni inatembea, amevunja shingo, na mto uko mbali. Na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kumwambia dreva.

Hilo la dreva si hadithi tu. Tarehe 20 mwezi wa pili 2002, huko Misri, treni ilitoka Cairo kwenda kusini imejaa watu wanaorudi nyumbani kwa Idi. Moto ukashika nyuma, dreva hakujua, akaendelea kukimbia kilomita baada ya kilomita, na upepo ukaulisha moto. Zaidi ya 360 walikufa. Huko Daegu, Korea ya Kusini, mwezi wa pili 2003, mtu aliwasha moto ndani ya treni ya chini ya ardhi. Treni ya pili ikaingia stesheni ileile, ikashika moto, na dreva wake akakimbia na ufunguo. Milango ikabaki imefungwa. Siku ile walikufa 192, wengi ndani ya hiyo treni ya pili. Ufunguo mmoja ndani ya mfuko wa mtu mmoja, jamani!

Mara ya pili ya kucheza, watu wanaanza kugawana. Na hapo inaonekana kwamba silaha kubwa kuliko mizimu yote ni sauti ya yule mama wa chikwangue, kwa sababu neno linapita wagoni kwa wagoni mpaka mbele. Mtoto wa njia anapita juu ya magunia kulipeleka. Askari anafanya kazi yake ya kweli: kuwapeleka watu wagoni ya mbele, kwa mstari, wameinama, kitambaa puani, sababu moshi unaua mbele ya moto. Mganga anafunika ile bidoni na blanketi iliyolowana na mchanga. Mlango unafungwa nyuma yao. Ukiacha mlango wazi umeukaribisha moto kula pamoja nanyi. Wakati mwingine kete zinakataa na wanakufa tena. Lakini wanakufa wakijua wapi palikosekana nini, na hapo ndipo mabishano yanakuwa matamu: nani alikuwa na ndoo? Kwa nini hakukuwa ndoo?

Najua mtaniambia nini. Eti hii ni kuwatoa wakubwa kwenye deni: vijana wajifunze kuzima moto wenyewe, serikali ilale. Nimelisikia na lina uzito. Huko Pakistan, mwezi wa kumi 2019, treni ya Tezgam iliungua na zaidi ya watu 70 wakafa. Waziri alisema mbio kwamba abiria walikuwa wanapika na gazi. Waliookoka wakasema hapana, ni umeme. Munaona? Ni wimbo uleule wa mama na mbabula. Wakubwa wa kila inchi wanaujua.

Lakini mtu aliyecheza huo moto mara tano hadanganywi tena. Anajua kuuliza. Ataenda bandarini ao kwenye gare na kusema: liste ya wasafiri iko wapi? Kizima-moto kiko wapi, na kimejaa ao ni pambo? Jiko la pamoja liko wapi, pipa lenye mchanga, mbali na mafuta? Jaketi za kuokolea ni ngapi, na watu ni wangapi? Nani alitia sahihi chombo hiki kiondoke? Hayo maswali yanamuudhi mukubwa kuliko kilio, kwa sababu kilio kinaisha siku ya tatu.

Na tusisahau upande wetu. Ni sisi tunaficha petroli ndani ya magunia kwa sababu usafiri wa halali unauma mfukoni. Ni sisi tunacheka yule anayeuliza jaketi, eti ni mwoga. Ndani ya mchezo, msimulizi ampe mmoja kwa siri karatasi inayosema: wewe ndiye umeficha bidoni. Muone kama atasema mbele ya moto, ao atanyamaza mpaka wote waungue. Bila hiyo karatasi, mchezo ni mwepesi mno.

Tuanzie Lubunga, karibu na gare. Watu watano, karatasi, kete mbili, taa moja. Huko bado kuna wazee waliofanya kazi kwenye reli. Muwaite, muwape kiti na chai, muwaulize kwa heshima breki ya wagoni ya mizigo inashikwa wapi na nani ana haki ya kuivuta, maana hapo kila kikundi kinakwama.