Mwalimu Naye Aliungaunga

Mgeni rasmi alisimama kwenye mahafali ya kidato cha nne, hapa hapa Tabora mjini, akawaambia vijana wakaze buti waende advansi, maana kwenye vyuo vya diploma wanakwenda wale waliotupwa na mtihani. Mshereheshaji akatuambia wazazi tupige makofi, na makofi yakapigwa. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu alipiga na vigelegele, ilhali binti yake mkubwa, namfahamu, anasoma diploma ya uuguzi. Jina la mgeni rasmi silitaji. Alijitaja mwenyewe vya kutosha huku watoto wakiungua na jua.

Maneno hayo si yake peke yake. Utayasikia Isevya na Ng'ambo, utayasikia Urambo kwa wakulima wa tumbaku na Sikonge kwa warina asali. Kijana mwenye akili, wanasema, anapita kidato cha tano na sita kisha anaingia chuo kikuu moja kwa moja. Yule aliyeanza na astashahada, akapanda diploma, akafika digrii, huyo "kaungaunga". Na anayelitamka hilo kwa dharau kubwa kuliko wote ni mjomba ambaye yeye mwenyewe hakuvuka darasa la saba.

Yangesemwa mji mwingine ningenyamaza. Tabora? Shule ya Tabora Boys ilianzishwa mwaka 1922, na mwenyeji yeyote wa mji huu, hata asiyewahi kukanyaga geti lake, atakutajia ndani ya dakika mbili kwamba Julius Nyerere alisoma pale, kuanzia 1937 hadi 1942. Sasa muulize: na baada ya hapo? Ataanza kukuna kichwa. Baada ya hapo kijana yule alikwenda Makerere, na Makerere ya miaka ile haikuwa ikitoa digrii. Alitoka huko mwaka 1945 na diploma ya ualimu. Akarudi hapa hapa Tabora, akashika chaki pale shule ya St. Mary's tangu 1946 hadi 1949, ndipo akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh. Digrii yake, M.A., aliipata mwaka 1952, akiwa na miaka thelathini. Sekondari, diploma, kazi, digrii. Kama huko si kuungaunga, basi naomba nielezwe kuungaunga kunafananaje.

Watasema Makerere ndicho kilichokuwa chuo kikubwa Afrika Mashariki nzima, huwezi kukilinganisha na vyuo vya kati vya leo. Sawa, kilikuwa kikubwa. Kilikuwa kikubwa na kilitoa diploma, na aliyekuwa nayo alifundisha, alikula mshahara, akaendelea na shule. Hakuna aliyemzuia Mwalimu Nyerere mlangoni Edinburgh akamuuliza mbona hakupitia advansi.

Dharau hii imetugharimu. Mwaka 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 waliokuwa wakisoma stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) walirudishwa nyumbani, na Rais Magufuli akawaita vilaza. Neno likashika mtaani kuliko wimbo wa singeli. Hakuna aliyekumbusha kwamba Magufuli mwenyewe alichukua diploma ya ualimu Mkwawa, akafundisha kemia na hisabati Sengerema, ndipo akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Marais wawili, walimu wawili, diploma mbili. Nikisema hivyo kijiweni wananijibu kwamba Magufuli alishapita kidato cha sita. Haya, mchukueni yeye, mimi niachieni Nyerere, ananitosha.

Tuje kwenye hesabu, kwa sababu wenye kudharau diploma hawapendi hesabu. Kidato cha tano na sita ni miaka miwili, digrii ya kawaida mitatu. Ukianzia astashahada hadi diploma baada ya kidato cha nne ni miaka mitatu, digrii mitatu. Tofauti ni mwaka mmoja. Huo mwaka mmoja ndio unaofanya mtoto wa watu aitwe aliyepotea! Na mlango wa chuo kikuu ni ule ule, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) imeuandika wazi: wa kidato cha sita alete principal mbili zenye jumla ya pointi 4.0, wa diploma alete GPA ya 3.0 pamoja na ufaulu wake wa kidato cha nne. Kila kozi ina nyongeza zake za masharti, lakini hakuna mlango wa uani wa kupitishia wenye diploma.

Ila angalia kinachobaki mkononi mambo yakienda mrama. Mpwa wangu alipata divisheni two. Akapangiwa tahasusi ya HGL shule ya mbali, mikoa mitatu kutoka kwetu. Dada yangu akauza mbuzi, akanunua godoro, tranka, ndoo na sare. Mtaa mzima ukajua kijana kaenda advansi. Kidato cha sita akatoka na principal moja. Akarudi na tranka lake, na cheti ambacho hakuna ofisi ya mji huu inayojua ikifanyie nini. Sasa anasoma astashahada ya utunzaji kumbukumbu, dawati moja na vijana waliokuwa nyuma yake sekondari. Angeanzia hapo, leo angekuwa anamalizia diploma. Lakini dada yangu asingepata la kusema kwenye kikoba.

Hoja yao niipendayo kuliko zote ni ya GS. Naapa nimeambiwa na mtu mzima mwenye gari kwamba mwanafunzi wa diploma hawezi kuhimili chuo kikuu kwa sababu hajasoma General Studies, somo linalokomaza akili. Nimewasoma waliokomazwa. Nimeona insha za utandawazi, faida tano na hasara tano, hitimisho linaanza na "kwa ujumla". Mtu aliyetumia miaka mitatu akipima viwanja kwenye Chuo cha Ardhi Tabora, au akijifunza kuzalisha malkia wa nyuki kwenye Chuo cha Nyuki, anaambiwa akili haijakomaa kwa kuwa hakuorodhesha hasara za utandawazi.

Na hapo ndipo penye kichekesho cha mji wetu. Asali ya Tabora inasifiwa kila soko la nchi hii, chuo cha kufundisha ufugaji wa nyuki kiko hapa, na mzazi wa Sikonge anayeishi kwa mizinga anaomba Mungu mwanawe apangiwe HKL. Reli ya kwanza ilifika hapa mwaka 1912, sasa reli ya kisasa, SGR, inajengwa kuelekea Isaka na Kigoma, Chuo cha Reli kiko hapa hapa, na bado fundi wa reli kwetu ni mtu wa kuonewa huruma kwenye harusi.

Moja kwa moja, moja kwa moja! Tangu lini mji huu ukaishi kwa moja kwa moja? Misafara ya Bagamoyo kwenda Ujiji ilitua hapa Unyanyembe, wapagazi wakalipwa, wengine wakaajiriwa, bidhaa zikabadilishwa, watu wakakaa miezi. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora yetu hii, mwaka 1857 wakiwa na njia yao iliyonyooka kuelekea Ziwa Tanganyika. Mwaka uliofuata, safari yao ya Ujiji ilipokwisha, Burton alibaki Kazeh. Speke akachepuka kwenda kaskazini, akafika kwenye ziwa ambalo Nile inatokea. (Wasukuma walikuwa wakivua samaki humo miaka yote bila kuhitaji mgunduzi, lakini hiyo ni kesi ya siku nyingine.) Aliyechepuka ndiye aliyerudi na habari.

Halafu tukumbushane nani anatutibu. Mtoto akishikwa na degedege usiku kule Kaliua, anayempokea ni tabibu, na tabibu ni diploma ya miaka mitatu. Mzazi anamkabidhi pumzi ya mwanawe bila kuuliza alisoma PCB shule gani. Asubuhi, homa imeshuka, mzazi yuleyule anamwambia kaka wa mgonjwa asikubali kupelekwa chuo cha afya, atadharaulika.

Mzazi akiniambia ada, hapo nakaa chini namsikiliza. Hilo ndilo la maana na ndilo lisilosemwa kwenye vipaza sauti. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 ada ya kidato cha tano na sita imefutwa kwenye shule za serikali. Huku kwenye diploma, kwenye vyuo vingi ada ipo palepale, na mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu kwa ngazi hiyo imeanza 2023/24, tena kwa fani zilizochaguliwa. Kijana wa Kaliua asiyekuwa kwenye fani hizo, baba yake anauza ng'ombe. Mwenzake wa divisheni ileile aliyekwenda advansi, baba yake anatafuta nauli, godoro na michango. Kwa hiyo serikali inapotoa orodha moja yenye wa kidato cha tano na wa vyuo, wengine kwenye orodha wanasoma bila ada na wengine wanadaiwa. Wazazi wanaona, na wanajua kusoma ishara: kinacholipiwa na serikali ndicho kinachothaminiwa na serikali. Wabunge wetu wa Tabora wako Dodoma wakati wa bajeti kila mwaka. Waanze na ada ya diploma kwenye vyuo vya serikali, hasa vilivyo ndani ya mkoa wao wenyewe, na waieleze Bodi kwamba anayesomea utunzaji kumbukumbu naye hula mara tatu kwa siku, au angependa.