Plastiki haitatoka nyumbani kwa kukaripiana

Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Adhabu iliyowekwa ilikuwa nzito: faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha kati ya mwaka 1 na miaka 4, au vyote viwili. Watengenezaji walikwenda mahakamani, lakini sokoni watu walitoa vikapu vyao na maisha yakaendelea. Tarehe 5 Juni 2020 ikaja marufuku ya pili, iliyozuia chupa, vikombe, sahani, vijiko na mirija ya plastiki ya kutumia mara moja katika mbuga, misitu ya hifadhi na fuo za bahari.

Hata hivyo, ndugu msomaji, hebu angalia pipa la taka la nyumba yako jioni hii. Utakuta chupa za maji, pakiti za maziwa, vipakiti vya sabuni, na vifuko vyepesi visivyo na mshikio ambavyo bado vinafungiwa nyanya na pilipili. Na ule mfuko wa rangi unaofanana na kitambaa, ambao wengi wetu tunaudhania ni nguo, nao aghalabu ni plastiki. Mlango wa mbele ulifungwa, plastiki ikapitia uani.

Ni rahisi kusema kwamba watu ni wavivu au hawajali. Mimi naona sivyo. Plastiki imekaa majumbani mwetu kwa sababu inatuondolea taabu tatu: taabu ya maji, taabu ya kuosha vyombo na taabu ya pesa ndogo. Asiyezigusa taabu hizo, mahubiri yake yataishia hewani.

Tuanze na maji. Mombasa haina chanzo chake kikubwa cha maji matamu. Inategemea Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na vyote viko nje ya kaunti. Visima vingi vya mjini ni vya maji ya chumvi. Mfereji ukikauka siku nne, mama mwenye mtoto mchanga atanunua chupa, na hakuna wa kumlaumu. Kwa matumizi ya nyumbani, mtungi mkubwa unaorudishwa dukani kujazwa tena unapunguza chupa nyingi ndogo, na anayeumudu aanze nao. Lakini deni lililo kubwa hapa ni la serikali. Kila siku mfereji unapotoka maji safi, chupa hazinunuliwi, hata bila kampeni yoyote.

Taabu ya pili ni kuosha vyombo, na hii hatupendi kuizungumza. Zamani harusini na matangani watu walikaa wanne au watano kwenye sinia moja ya pilau. Siku hizi kila mgeni hupewa kisanduku chake, kijiko chake na chupa yake, na baada ya saa moja uwanja umejaa taka. Tunalalamika kwamba mila zimepotea, lakini tusisahau nani alikuwa akizisugua sinia zile usiku wa manane. Ni wanawake. Kisanduku kiliwapumzisha. Kwa hiyo anayetaka sinia irudi aseme pia nani ataiosha. Vyama vya akina mama na kamati za mitaa zinaweza kumiliki sinia na bilauri za kuazimisha, na vijana wa kiume wakapangiwa zamu ya kuosha kama wanavyopangiwa zamu ya kupakua. Mwezi wa Ramadhani, futari za pamoja zingekuwa mahali pazuri pa kuanzia.

Tatu ni pesa ndogo. Mwenye kibarua cha kutwa hununua mafuta ya leo na sabuni ya leo, na vipakiti vidogo vimetengenezwa kwa ajili yake. Lakini kununua kidogo hakulazimu kununua plastiki. Mafuta ya kupima yapo, maziwa ya mashine yapo, na mteja huenda na chupa yake. Muuza duka akiona wateja kumi wanakuja na vyombo vyao, ataweka cha kupimia. Vivyo hivyo sokoni: kikapu cha ukili kwa mboga, bakuli lenye kifuniko kwa samaki. Vikapu vya ukili vinafumwa na kuuzwa hapa hapa pwani, na pesa yake hubaki kwa mfumaji.

Wapo watakaosema dawa ni kuchakata taka. Jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kusafiri hadi Unguja mwaka 2019, lilitufungua macho, na mafundi wake wanastahili heshima. Lakini jahazi haliwezi kubeba kila tunachotupa. Jaa la Kibarani lilifungwa na taka zikaelekezwa Mwakirunge, na kule nako kuna watu wanaoishi. Taka isiyochukuliwa huchomwa uani na watoto wakavuta moshi wake, au huziba mitaro hadi mvua ya masika ikaingia vyumbani. Kule Lamu, punda wanaorandaranda wakitafuta chakula hula plastiki na wengine hufa, na anayempoteza punda hupoteza riziki yake.

Sheria ya mwaka 2017 ilifaulu kwa sababu kikapu kilikuwapo tayari, kikisubiri kuchukuliwa. Hatua inayofuata itafaulu kwa njia hiyo hiyo: chombo kiwepo, mfereji utoke maji, na kazi ya kuosha igawanywe. Kaunti tuidai maji na magari ya taka. Mengine yaliyobaki yako mikononi mwetu, na hayahitaji sheria mpya. Harusi ijayo mtaani kwenu, waulizeni wenye shughuli mapema: sinia zipo ngapi, na zamu ya kuosha ni ya nani?