Kamba Waliyojifunga Wenyewe

SIKIO LA JUMAPILI
Na Rashid Mwinyimkuu

Albamu ya Opeth iliyotoka Novemba 2024, The Last Will and Testament, ina nyimbo nane, na saba kati ya hizo hazina majina. Zina namba za vifungu tu, §1 hadi §7, kama hati inayosomwa mbele ya wakili. Na kweli ni hati: mzee tajiri wa miaka ile ya baada ya Vita Kuu ya Kwanza amefariki, watoto wameitwa kusikiliza wosia, na miongoni mwao kaketi binti yatima aliyepooza kwa polio, aliyelelewa humo humo ndani, ambaye ndugu wawili pacha hawaelewi ameitwa kwa lipi. Kila kifungu kinafumua siri nyingine ya nyumba. Hatuhitaji kufafanuliwa sisi uzito wa kikao cha mirathi. Kinachonishughulisha ni uamuzi wa bendi hii ya Stockholm, yenye umri wa zaidi ya miaka 30, kujinyima hata majina ya nyimbo zake. Wapenzi wa roki ya progresivu hawaishi kubishana ni bendi zipi ziko kileleni kwa sasa, na kila mmoja ana kipimo chake: huyu anatazama kasi ya vidole, yule urefu wa nyimbo, mwingine idadi ya sahani zilizouzwa. Mimi natazama sharti ambalo bendi imejiwekea yenyewe, kisha nasikiliza inavyopumua ndani yake. Kwa kipimo hicho, miaka hii michache ni ya neema kubwa kwa muziki huu kuliko wengi wanavyokubali.

Tuanze na historia, maana bila hiyo hoja itaelea. Roki ya progresivu ilizaliwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, na wengi huihesabu tangu Oktoba 1969, King Crimson walipotoa albamu yao ya kwanza. Vijana wale walitaka roki ijifunze kwa jazi na kwa okestra: wimbo uwe na sura kadhaa, ubadili mapigo katikati ya safari, na kiitikio kirudi baada ya dakika kumi kikiwa na maana nyingine. Ila walikuwa na bwana mmoja asiyebembelezeka, naye ni sahani ya santuri, ambayo upande wake mmoja hubeba dakika ishirini na chache. Yes walipotengeneza Close to the Edge mwaka 1972, wimbo wenye jina hilo ulichukua dakika zipatazo 18 na kumeza upande mzima. Mwaka huohuo Jethro Tull waliifanya albamu nzima, Thick as a Brick, kuwa wimbo mmoja, na bado msikilizaji alilazimika kuinuka katikati ageuze sahani. Wazee wa dansi wa huku kwetu wanalijua jambo hili kwa njia yao. Zile sahani ndogo za mizunguko 45 zilikata wimbo vipande viwili, hadithi upande huu na sebene upande wa pili, na mtunzi alijua hasa pa kuwaacha watu na kiu. Kifaa ndicho kilichokuwa mhariri.

Mhariri huyo alipopuuzwa, mambo yaliharibika. Mwishoni mwa 1973 Yes hao hao walitoa nyimbo nne zilizojaza sahani mbili, na mpiga kinanda wao, Rick Wakeman, amesimulia mara nyingi jinsi alivyokula kari jukwaani jijini Manchester huku wenzake wakiendelea kupiga. Mwaka 1974 akajiondoa. Punk ilipobisha hodi 1976 na nyimbo zake za dakika mbili tatu, ilikuta mlango hauna komeo. Miaka ya 1990 ikatawala CD yenye nafasi ya zaidi ya dakika 70, na bendi nyingi zikaona nafasi ikiwepo sharti ijazwe, kama mgeni anayeona aibu kubakiza wali kwenye sinia. Leo muziki uko kwenye intaneti, na hata ukuta huo umeanguka. Ukitaka kuweka wimbo wa saa tatu, weka. Hakuna wa kukuzuia.

Ndiyo maana mpaka wa leo hauna budi kutoka kwa mwanamuziki mwenyewe. Machi 2025 Steven Wilson, kiongozi wa Porcupine Tree, alitoa The Overview kwa jina lake binafsi. Ina nyimbo mbili tu, mmoja wa dakika 23 na mwingine wa dakika 18. Jumlisha, unapata karibu dakika 42: sahani moja ya kizamani, upande kwa upande. Hili halikumjia kwa bahati. Wilson ndiye aliyekabidhiwa kanda za zamani za King Crimson, Yes na Jethro Tull azichanganye upya, kwa hiyo ameziona albamu zile kwa ndani, mshono kwa mshono. Mada yake ni ile hali inayowapata wanaanga wanapoitazama dunia kutoka mbali na kuuona udogo wake. Upande wa kwanza una sehemu ambayo maneno yake yaliandikwa na Andy Partridge wa XTC, na humo shida ndogo ndogo za watu wa mtaani zinawekwa bega kwa bega na nyota zinazokufa, bila mahubiri, na muziki unazibeba zote mbili kwa uzito mmoja. Hapo Wilson yuko juu kabisa. Upande wa pili unaanza na sauti ya mwanamke anayetusomea umbali na ukubwa wa vitu vya angani, tarakimu zikipanda, na nakiri kwamba hapo sharti limemshinda. Kwa dakika kadhaa tunasomewa jedwali. Lakini tazama na gharama ya uamuzi wenyewe. Spotify huhesabu kwamba wimbo umesikilizwa ukishapita sekunde 30, na wa dakika 23 hauhesabiwi zaidi ya wa dakika mbili. Kwa muda ambao Wilson anaandikiwa mara moja, mwenye nyimbo za dakika mbili angeandikiwa mara 11. Mtu hajifungi kamba ya namna hiyo kwa ajili ya biashara.

Hoja yangu ina mtihani mgumu, nao uko Melbourne, Australia. King Gizzard & the Lizard Wizard walianza mwaka 2010, na kufikia katikati ya 2025 walikuwa na albamu 27. Mwaka 2017 walitoa tano. Mwaka 2022 wakatoa tano nyingine, tatu kati yake ndani ya mwezi mmoja wa Oktoba. Wakosoaji wanasema huko ni kufyatua matofali: anayetoa albamu tano kwa mwaka hana muda wa kufikiri, na anayeruka kutoka metali kwenda jazi hadi muziki wa mashine hastahili kuitwa bendi ya progresivu. La pili nalipita haraka, kwa sababu muziki ambao jina lake lenyewe linadai kusonga mbele hauwezi kumfukuza mtu kwa kosa la kusonga. La kwanza ndilo lenye uzito, na sehemu yake ni kweli. Made in Timeland ya 2022 ni kazi ya kupitisha muda, na bendi isingepungukiwa chochote bila hiyo. Hata hivyo, chukua Changes ya mwaka huohuo. Albamu nzima imejengwa juu ya mfuatano mmoja wa sauti unaobadilika kutoka wimbo hadi wimbo, kama kitambaa kimoja kilichoshonwa nguo saba. Walitaka iwe albamu ya tano ya 2017. Walijaribu, ikawashinda, wakaiweka kando, na ikawachukua miaka mitano kuimaliza. Mfyatua matofali hasubiri tofali moja miaka mitano. Kabla yake kulikuwa na Nonagon Infinity ya 2016, yenye nyimbo tisa zinazoungana kiasi kwamba ule wa mwisho unaingia moja kwa moja katika wa kwanza, na ukiiacha ijirudie haina mahali pa kuishia. Jaribu kuisikiliza huku ukipika: utaunguza mboga ukitafuta pa kuizima.

Pingamizi linalofuata ni kali zaidi, na wanalileta watu wenye masikio mazuri. Wanasema masharti haya ni mbwembwe, hila ya kumpa mwandishi wa gazeti kitu cha kuandika. Wimbo ukiwa mzuri ni mzuri, uwe umetungwa kwa kanuni au bila kanuni. Kwa msomaji wa Kiswahili mjadala huu si mgeni. Tangu Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, tumebishana miongo kadhaa kama shairi lisilo na vina na mizani ni shairi. Sitaufufua ugomvi ule, maana pande zote mbili zilitupa mashairi mema. Nataja tu jambo ambalo malenga yeyote analijua: mizani 16 kwa mshororo haimpunguzii mtunzi maneno, inamlazimisha atafute neno ambalo asingelifikia kama angepita njia ya mkato. Tool wa Los Angeles walilionyesha hilo mwaka 2001 katika wimbo Lateralus, ambao mwimbaji anazipanga silabi zake kwa hesabu ya Fibonacci: 1, 1, 2, 3, 5, 8, kisha zinashuka 5, 3. Hizo ni mizani, hata kama wao wasingeziita hivyo. Na maelfu ya watu waliupenda wimbo ule bila kuhesabu chochote, na huo ndio mtihani wa sharti: likisahaulika, je, kazi inasimama? Tool hao hao, mwaka 2019, waliuingiza Fear Inoculum kwenye orodha ya Billboard ya nyimbo 100 zinazovuma Marekani, ukiwa wimbo wa kwanza wa zaidi ya dakika kumi kuwahi kufika pale. Basi tusiambiwe kwamba watu wa siku hizi hawana subira.

Turudi kwa Opeth, kwa sababu huko ndiko watetezi wa bendi wenyewe wanakogawanyika. Mwimbaji wao, Mikael Åkerfeldt, alikuwa maarufu kwa kuimba kwa mngurumo mzito wa kooni, halafu akauacha. Baada ya Watershed ya 2008 zilipita albamu nne bila mngurumo, mojawapo, In Cauda Venenum, ikitolewa kwa Kiswidi na kwa Kiingereza. Mwaka 2024 mngurumo ukarudi, na wapo waliosema bendi imeufyata, imewarudia mashabiki wa zamani kuomba msamaha. Ningekubaliana nao kama sauti ile ingerudi kama ilivyoondoka. Sikiliza inavyotumika sasa. Zamani ilikuwa rangi ya bendi, imepakwa kila mahali. Humu imepewa kazi: hasa ni marehemu anayenguruma kupitia karatasi, mtu ambaye hajibiki tena wala hawezi kukatizwa, na sauti safi inapoingia tunajua tumetoka kwenye ukatili wake. Katikati anasikika Ian Anderson wa Jethro Tull, akisoma maneno kwa sauti ya kawaida na kupuliza filimbi. Yule yule aliyetulazimisha kugeuza sahani mwaka 1972. Kisha wimbo wa nane, pekee wenye jina, unakuja nje ya vifungu na siri inayogeuza yaliyosomwa. Jina lile moja lina nguvu kwa sababu mengine saba hayakuwepo.

Kwa kipimo hikihiki itabidi niwaudhi baadhi ya wasomaji. Dream Theater walimrudisha mpiga dramu wao Mike Portnoy mwaka 2023, na Februari 2025 wakatoa Parasomnia, albamu kuhusu maradhi ya usingizi. Mafundi hawa hawana mfano. Hakuna pigo lililokosewa. Lakini mada ya usingizi haikuwazuia kufanya lolote walilozoea: pale pa gitaa la kasi pana gitaa la kasi, na wimbo mrefu umewekwa mwisho, mahali pake pa siku zote. Mimi niliyemsifu Åkerfeldt kwa kuurudisha mngurumo naweza kuulizwa kwa nini simsifu anayeurudisha ufundi wake. Jibu ni kwamba Opeth walirudi na kitu kile kikiwa na kazi mpya, ilhali hawa wamerudi na kazi ileile, nzuri, iliyopigwa msasa. Wanastahili kujaza kumbi, na watazijaza.

Nimeiacha kwa makusudi albamu moja ya King Gizzard hadi hapa, Flying Microtonal Banana ya Februari 2017. Kiongozi wao, Stu Mackenzie, alivutiwa na bağlama ya Kituruki, akatengenezewa gitaa la njano lenye freti za ziada, linalotoa zile sauti zilizofichika kati ya vidole viwili vya kinanda. Msikilizaji aliyelelewa karibu na kanuni na udi za kikundi cha taarabu cha Akhwani Safaa hatashtuka, sauti hizo ni za nyumbani. Kwa bendi ya roki zilikuwa balaa, maana gitaa moja la namna hiyo haliwezi kupiga na wenzake wa kawaida bila wote kusikika wamekosea. Basi kila mmoja akapewa dola 200 akatafute ala na kuigeuza ifuate mpango ule. Wangeweza kuishia hapo, kichekesho cha albamu moja. Mwaka 2020 na 2021 walizirudia ala zile katika K.G. na L.W., albamu mbili zinazofunguliwa na kufungwa na wimbo wenye jina moja. Na mpaka leo, wakitaka kupiga nyimbo hizo mbele ya watu, wanaziweka chini gitaa zao za kawaida na kuchukua zile zenye freti za ziada.